Vumbi juu ya taa: utunzaji salama wa taa za mirija wodini na nyumbani

Muuguzi anayeingia zamu ya usiku huwasha taa kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Chini ya mwanga huo husoma lebo ya dawa, hutafuta mshipa wa mtoto, hutazama rangi ya kidonda na kuandika katika faili la mgonjwa. Taa yenyewe haina anayeitazama hadi siku inapozimika. Ilhali taa huanza kudhoofika mapema sana kabla ya kuzimika, na mara nyingi kinachoidhoofisha ni kitu kidogo: vumbi.

Sisi tunaoishi Moshi na katika vijiji vya mteremko wa Kilimanjaro tunalifahamu vumbi hilo. Wakati wa kiangazi hupanda kutoka barabarani, hupita katika nyavu za madirisha na kutua juu ya kila kilicho bapa. Mvua za kwanza zinaponyesha, kumbikumbi hufuata mwanga, huingia ndani ya vifuniko vya taa na kufia humo. Katika nyumba nyingi za vihambani, moshi wa jikoni huongeza utando wa masizi. Vyote hivi hukaa kati ya taa na kazi ya mikono yetu.

Somo hili linahusu taa ndefu za mirija, ambazo mafundi wetu huziita tyubu. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza:

1. Kueleza jinsi taa ya mrija inavyofanya kazi na kutambua dalili za kuchoka kwake.
2. Kuisafisha bila kujihatarisha na bila kumhatarisha mgonjwa.
3. Kutunza taa za tiba ya mwanga zinazotibu manjano ya watoto wachanga.
4. Kuchukua hatua sahihi mrija unapovunjika au unapofikia mwisho wa maisha yake.

Taa ya mrija inavyofanya kazi

Mrija ni bomba la kioo lililozibwa pande zote mbili. Ndani yake mna gesi, kwa kawaida agoni, yenye mgandamizo mdogo, pamoja na kiasi kidogo sana cha zebaki. Katika kila ncha kuna uzi mwembamba wa metali. Umeme unapopita kutoka ncha moja hadi nyingine, mvuke wa zebaki hutoa miale ya urujuanimno, ambayo jicho la binadamu haliioni. Miale hiyo hupiga unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo, na unga huo huigeuza kuwa mwanga tunaouona. Kwa hiyo weupe wa mrija si rangi ya kioo: ni unga unaofanya kazi.

Mrija hauwezi kufanya kazi peke yake. Kuna choki, ambayo huzuia umeme usipite kwa wingi kupita kiasi na kuuharibu mrija. Katika taa za mtindo wa zamani kuna pia stata, kile kikopo kidogo cha mviringo, ambayo husaidia mrija kuwaka. Taa za mtindo mpya zaidi zina choki ya elektroniki na hazihitaji stata.

Mwenye kuvielewa viungo hivi anaweza kuisoma taa kama tunavyosoma dalili za mgonjwa:

- Ncha za mrija zikiwa nyeusi, mrija umezeeka. Kuusafisha kwa nje hakutaondoa weusi huo, kwa maana uko ndani ya kioo.
- Mrija ukipepesa bila kuwaka, huenda stata imechoka, mrija umefikia mwisho, au umeme ulio katika laini ni hafifu. Jambo hili la mwisho hutokea jioni katika vijiji vilivyo mwishoni mwa laini, wakati kila nyumba imewasha taa.
- Ncha zote mbili zikiwaka wekundu huku katikati kukiwa giza, mara nyingi stata imeganda.
- Taa ikivuma kwa sauti, ikitoa harufu ya kuungua au kuwa na doa la kahawia karibu na choki, izimwe mara moja na fundi umeme aitwe. Taa hiyo isiwashwe tena kwa majaribio.

Baridi nayo ina nafasi yake. Mrija wa kawaida hutoa mwanga wake kamili pale hewa inayouzunguka inapokuwa na joto la takribani nyuzi 25 za Selsiasi. Katika zahanati zilizo juu mlimani, asubuhi za Juni na Julai, taa inaweza kuchelewa kuwaka na kuwa hafifu kwa dakika kadhaa ingawa haina kasoro yoyote. Mhudumu asiharakishe kuibadilisha. Kwanza aipe muda ipate joto.

Hatari tatu za kukumbuka

Kabla ya kugusa taa yoyote, tukumbuke kwamba kazi hii ina hatari za aina tatu.

Ya kwanza ni umeme. Umeme wa majumbani na hospitalini nchini Tanzania ni wa volti 230, nao unatosha kuua. Kuzima swichi ya ukutani peke yake hakutoshi, kwa sababu katika majengo ambayo nyaya zake zilifungwa kimakosa, swichi hukata waya usiostahili na kuacha taa ikiwa na umeme ingawa haiwaki. Njia salama ni kuzima sakiti ya chumba hicho katika swichi kuu.

Hapa pana mtego ambao umezoeleka kwetu. Umeme unapokatika, wengine huona ndiyo nafasi nzuri ya kupangusa taa. La hasha! Umeme uliokatika hurudi bila kubisha hodi, na jenereta ya hospitali huweza kuanza yenyewe wakati wowote. Kukatika kwa umeme si kuzima taa. Swichi kuu izimwe vilevile, na mtu mmoja aisimamie au kibandikwe kibao kisemacho: USIWASHE, KAZI INAENDELEA.

Ya pili ni kuanguka. Anayepanda juu ya kitanda cha magurudumu, stuli ya kuzunguka au meza iliyopachikwa juu ya kiti anajitafutia kulazwa katika wodi ileile anayoisafisha. Itumike ngazi imara yenye miguu minne, sakafu iwe kavu, na mtu wa pili aishike.

Ya tatu ni kioo na zebaki. Mrija mzima hauna madhara, kwa kuwa zebaki imefungiwa ndani. Mrija uliovunjika hukata mikono na kutoa mvuke wa zebaki. Hatua za kuchukua zitaelezwa hapa chini.

Nani afanye nini

Mhudumu wa usafi anaweza kupangusa kifuniko, mkebe wa taa na mrija kwa nje, ikiwa amefundishwa na umeme umezimwa. Kufungua choki, kugusa nyaya au kubadilisha holda ni kazi ya fundi umeme. Kifaa cha tiba kama taa ya kutibu manjano kifunguliwe na fundi wa vifaa tiba. Mipaka hii haikuwekwa kwa ajili ya cheo. Ndani ya mkebe wa taa huwamo kapasita, kifaa kinachoweza kuhifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa, na asiyekifahamu hawezi kujua kama kingali na umeme.

Hatua za kusafisha

Katika usafi wa hospitali, kanuni ni kuanza juu na kushuka chini. Taa isafishwe kabla ya meza, na meza kabla ya sakafu, kwa maana vumbi la juu litashukia palipokwisha safishwa. Kwa sababu hiyohiyo, taa isisafishwe wakati kidonda kipo wazi, wakati wa kuandaa dawa za sindano, wala juu ya kitanda chenye mgonjwa. Vumbi la wodi hubeba vijidudu. Likitimuliwa juu ya mtu aliyeungua au mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, usafi wenyewe hugeuka kuwa madhara.

1. Hamisha wagonjwa au vitanda vilivyo chini ya taa. Funika vifaa visivyohamishika.
2. Zima swichi ya ukutani, kisha sakiti katika swichi kuu. Mjulishe muuguzi kiongozi wa zamu ili chumba chenye mashine ya oksijeni au kiatamizi kisizimiwe umeme bila maandalizi.
3. Subiri mrija upoe, walau dakika 15. Kioo cha moto kikiguswa na kitambaa chenye maji baridi huweza kupasuka.
4. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho. Vumbi na mizoga ya wadudu huanguka moja kwa moja usoni mwa anayetazama juu.
5. Ondoa kifuniko kwa mikono miwili na ukiteremshe kwa msaidizi. Kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kisuuzwe na kukaushwa kabisa.
6. Pangusa mkebe na mrija kwa kitambaa kilicholoweshwa maji yenye sabuni na kukamuliwa hadi kisidondoke hata tone. Usipulizie maji wala dawa moja kwa moja juu ya taa. Usifike kwenye ncha za mrija wala kwenye holda kwa kitambaa chenye unyevu.
7. Rudia kwa kitambaa kikavu. Usitumie ufagio wa manyoya wala kitambaa kikavu tangu mwanzo, kwani hutawanya vumbi hewani.
8. Ikiwa mrija ni wa kutolewa, uzungushe polepole robo ya mzunguko hadi pini zake zilingane na uwazi wa holda, kisha ushushe ukiwa umeushika karibu na ncha zote mbili. Usiulazimishe.
9. Hakikisha kila kitu kimekauka, rudisha kifuniko, shuka, kisha washa swichi kuu.
10. Andika tarehe katika daftari la matengenezo.

Maji ya klorini, yale tuliyoyazoea kwa kutakasa sakafu na vifaa, hayafai hapa. Klorini hula chuma cha mkebe na pini za holda, na kutu inayotokea huleta mgusano mbaya, joto na hatimaye moto. Sabuni na maji vinatosha, isipokuwa taa imerukiwa na damu au majimaji ya mwili. Hapo mwongozo wa kuzuia maambukizi wa kituo ufuatwe, kisha uso wa chuma upanguswe kwa maji safi na kukaushwa.

Wodi za kawaida zinaweza kusafishiwa taa zake kila baada ya miezi mitatu. Pale penye vumbi jingi au karibu na jiko, na pia baada ya msimu wa kumbikumbi, ni vema kuifanya kazi hii mara nyingi zaidi.

Taa ambayo ni dawa

Sasa tufike mahali ambapo vumbi juu ya taa huweza kumgharimu mtoto ubongo wake.

Watoto wachanga wengi hupata manjano katika siku za kwanza za maisha. Msomaji asiyachanganye na homa ya manjano, ambayo ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu. Manjano ya mtoto mchanga hutokana na bilirubini, rangi inayobaki baada ya chembe nyekundu za damu kuvunjwa, wakati ini la mtoto halijapata nguvu ya kuiondoa. Kwa wengi hupungua yenyewe. Kwa baadhi, hasa waliozaliwa kabla ya wakati, wenye damu isiyolingana na ya mama, au wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, bilirubini hupanda sana, huingia katika ubongo na kuacha madhara ya kudumu: uziwi, mtindio wa ubongo, au kifo.

Kwamba mwanga unaweza kutibu hali hii kuligunduliwa na macho ya muuguzi. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford nchini Uingereza, Sista Jean Ward, aliyependa kuwatoa watoto nje wakapate hewa, alionesha madaktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imefifia umanjano, isipokuwa sehemu iliyokuwa imefunikwa na shuka. Katika hospitali hiyohiyo ilibainika pia kwamba damu iliyoachwa katika chupa karibu na dirisha lenye jua ilionekana kuwa na bilirubini kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Daktari Richard Cremer na wenzake walichapisha matokeo yao katika jarida la Lancet mwaka 1958, wakieleza taa ya mirija waliyoitengeneza. Tiba ya mwanga tunayoitumia leo ni mtoto wa taa hiyo.

Kazi hufanywa na mwanga wa buluu wenye urefu wa mawimbi wa takribani nanomita 460 hadi 490. Mwanga huo hupenya ngozi na kubadilisha umbo la bilirubini ili mwili uweze kuitoa kwa nyongo na mkojo. Kwa hiyo mwanga ni dawa, na kama dawa yoyote una dozi. Dozi hiyo hutegemea mambo manne: nguvu ya taa, umbali wake kutoka kwa mtoto, eneo la ngozi linaloangazwa, na muda.

Tuchukue mfano. Mtoto wa siku tatu amelazwa chini ya taa ya mirija sita katika kituo kimoja. Siku ya pili bilirubini haijashuka. Madaktari wanawaza kumhamishia hospitali kubwa akabadilishiwe damu, tiba yenye hatari zake. Kabla ya gari kuitwa, muuguzi mmoja anaikagua taa. Mirija miwili haiwaki. Mmoja kati ya minne iliyobaki ni mweupe wa kawaida, ulionunuliwa dukani baada ya ule wa buluu kuisha. Kifuniko cha plastiki kimefunikwa na vumbi, na hakuna anayejua mirija ilibadilishwa lini. Katika faili imeandikwa kwamba mtoto anapata tiba ya mwanga. Kwa kweli anapata sehemu tu ya dozi, sawa na kumpa mgonjwa nusu ya kidonge na kuandika kizima. Kukosea dozi huku hakuonekani, kwa sababu kwa macho yetu chumba bado ni cha buluu.

Ili jambo hili lisitokee, tuzingatie haya:

- Muda wa mirija. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa matatizo ya watoto wachanga unaelekeza mirija ya tiba ibadilishwe baada ya saa 2,000 za matumizi au miezi mitatu, lolote litakalotangulia, hata kama bado inawaka. Taa inayowaka usiku na mchana humaliza saa 2,000 katika siku 83 hivi. Tarehe ya kubadilisha iandikwe kwenye kibandiko juu ya taa yenyewe, si katika daftari peke yake.
- Aina ya mirija. Itumike mirija maalumu ya buluu iliyotajwa na mtengenezaji. Mirija myeupe ya dukani ni dhaifu kwa kazi hii. Taa za mapambo zenye kioo kilichopakwa rangi ya buluu hazifai, na mirija ya urujuanimno humuunguza mtoto. Badilisha mirija yote kwa pamoja.
- Usafi. Kifuniko na sehemu zinazoakisi mwanga zipanguswe kila mtoto anapotoka na kabla ya mwingine kuwekwa, taa ikiwa imezimwa na kupoa. Kifuniko kisiondolewe wakati wa tiba, kwani humkinga mtoto iwapo mrija utapasuka. Kikibadilika kuwa cha manjano kwa uzee, kibadilishwe.
- Umbali. Fuata maelekezo ya kifaa. Kadiri taa inavyosogezwa mbali, ndivyo dozi inavyopungua. Mashuka meupe kitandani na mapazia meupe pembeni hurudisha mwanga kwa mtoto, lakini pazia lisizibe matundu ya hewa ya taa.
- Kipimo. Palipo na kipima mwanga, nguvu ya taa ipimwe mara kwa mara mahali mtoto anapolala. Jicho haliwezi kufanya kazi hiyo.

Mtoto avuliwe nguo, abakizwe nepi na kitambaa cha kufunika macho, ageuzwe mara kwa mara, anyonyeshwe vizuri, na joto lake lipimwe. Wakati wa kunyonya, kitambaa cha macho kitolewe ili amwone mama yake.

Taa za kisasa za LED hazina zebaki na hudumu muda mrefu zaidi. Hata hivyo nazo hushika vumbi, na feni zake huziba. Kuwa na taa mpya hakumwondolei mtu wajibu wa kupangusa.

Taa za kuua vijidudu

Katika baadhi ya vyumba vya kuhudumia wagonjwa wa kifua kikuu huwekwa taa za urujuanimno sehemu ya juu ya ukuta. Mrija wake unafanana na tyubu ya kawaida ila hauna unga mweupe ndani, hivyo miale hutoka bila kugeuzwa. Miale hiyo huua vijidudu vya hewani, lakini huumiza macho na ngozi. Taa hizi zisafishwe zikiwa zimezimwa katika swichi kuu, kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti, na mkono uwe na glavu safi: hata mafuta ya vidole juu ya kioo hupunguza miale. Usiwashe hadi spiriti ikauke yote. Kamwe usiitazame ikiwaka ili kuhakikisha kama inafanya kazi.

Mrija ukivunjika

Mrija mmoja wa kisasa una miligramu chache tu za zebaki, ilhali kipimajoto cha kioo cha zamani kina takribani nusu gramu au zaidi. Hakuna sababu ya taharuki, bali ipo sababu ya utaratibu.

1. Watoe watu wote chumbani, ukianza na watoto wachanga na wajawazito. Zima feni. Fungua madirisha, funga mlango wa ndani, na usubiri dakika 15.
2. Vaa glavu na viatu vilivyofunika miguu.
3. Usifagie, wala usitumie mashine ya kunyonya vumbi. Vyote hivyo hutawanya zebaki hewani.
4. Kusanya vipande kwa karatasi ngumu mbili. Unga uliobaki uokotwe kwa utepe wa kunata, kisha sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu.
5. Tia vyote, pamoja na kitambaa na glavu, katika chupa ya kioo yenye mfuniko au mfuko mzito wa plastiki uliofungwa vizuri. Andika: TAKA ZA ZEBAKI.
6. Nawa mikono kwa sabuni. Acha madirisha wazi kwa saa kadhaa.

Nguo au shuka iliyodondokewa na vipande isitiwe katika mashine ya kufulia.

Mrija uliokufa usichomwe

Hospitalini tumezoea kwamba vitu vyenye ncha kali huingia katika boksi la usalama, na boksi huenda kwenye tanuru. Mrija wa taa usifuate njia hiyo. Moto wa tanuru hugeuza zebaki kuwa mvuke, ambao hupanda hewani na kushuka tena juu ya migomba, mifereji na malisho yetu. Usitupwe pia katika shimo la kondo wala katika jalala. Mteremko huu una mifereji iliyochimbwa na mababu, na kinachotupwa juu hufika kwa jirani aliye chini.

Mirija mizima iliyokufa irudishwe katika maboksi ya ile mipya, isimamishwe mahali pakavu penye kufuli, na ikabidhiwe kwa mkusanyaji wa taka hatarishi mwenye kibali halali.

Dunia nayo inaelekea kuiaga mirija hii. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu wake walipooza na kufa kwa kula samaki wenye zebaki, ulipitishwa mwaka 2013, na Tanzania ni miongoni mwa nchi wanachama. Mwaka 2023 mjini Geneva, wanachama walikubaliana kukomesha utengenezaji na biashara ya kimataifa ya mirija ya mwanga wa kawaida ifikapo mwisho wa mwaka 2027. Hata hivyo mirija iliyopo darini itaendelea kuwa mikononi mwetu kwa miaka kadhaa. Na kituo kinapohamia LED, kazi ya kubadilisha nyaya ifanywe na fundi umeme: baadhi ya mirija ya LED ikipachikwa katika mkebe wa zamani bila marekebisho huacha pini zikiwa na umeme mkononi mwa anayeipachika.

Neno kwa wazazi na wagonjwa

Nyumba iliyozungukwa na migomba huwa na kiza hata mchana, na mzazi aliyetoka kujifungua hukaa ndani siku nyingi akilishwa mtori. Desturi hiyo ni njema, lakini manjano ya mtoto huweza kujificha katika kiza hicho, au chini ya taa yenye masizi. Kila siku katika wiki ya kwanza, mpeleke mtoto karibu na mlango au dirisha lenye mwanga wa mchana. Bonyeza ngozi ya pua au ya paji la uso kwa kidole, uachie, utazame rangi. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, tazama pia weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Manjano yakionekana katika saa 24 za kwanza, yakifika viganjani au nyayoni, au mtoto akikataa kunyonya, akilegea, akilia kwa sauti kali au kukunja mgongo kwa nyuma, nendeni hospitalini siku hiyohiyo. Msimwanike juani kama tiba: jua humuunguza na kumpandisha joto, au huku kwetu mlimani humpiga baridi, huku mkipoteza saa za thamani.

Na mtoto akilazwa chini ya taa, mzazi ana haki ya kuuliza kwa heshima: "Sista, mirija hii ilibadilishwa lini?" Muuguzi mwema hataudhika. Atanyoosha kidole kwenye kibandiko. Kama kibandiko hakipo, swali hilo litakuwa limewasaidia wote wawili, na mtoto zaidi yao.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kukatika kwa umeme si wakati salama wa kusafisha taa? *Kwa sababu umeme au jenereta huweza kurudi ghafla, na taa haijatengwa katika swichi kuu.*
2. Mirija ya taa ya manjano imetumika miezi minne na yote inawaka vizuri. Ufanye nini? *Ibadilishe yote na uandike tarehe. Kuwaka si uthibitisho wa dozi.*
3. Mrija umevunjika katika chumba cha kliniki ya mama na mtoto. Hatua ya kwanza ni ipi? *Kuwatoa watu, kuzima feni na kufungua madirisha. Ufagio usiguswe.*
4. Kwa nini mrija usiwekwe katika boksi la usalama? *Kwa sababu boksi huchomwa, na moto huitoa zebaki hewani.*
5. Katika kituo chako, nani anayejua tarehe ya mwisho ya kusafisha taa iliyo juu ya meza ya kujifungulia? *Jibu la swali hili litafutwe leo, kabla ya zamu kwisha.*